Hakimu anayekusanya nishani za Keya: anza na daftari, sabuni baadaye

Mheshimiwa, umeuliza mambo matatu: utajuaje kama nishani na maganda ya risasi unayoletewa ni ya kweli, uyasafisheje, na kama hakimu wa mji mdogo wa upande wa Voi na Taveta anaweza kuendelea kukusanya bila kujitia matatani. Naanza na la mwisho. Kutu huharibu kitu kimoja kimoja, lakini hili laweza kukuharibia mkusanyo mzima na kazi pia.

Ukishajulikana unapenda vitu vya vita vya Keya, yaani askari wa King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, vitaanza kuja vyenyewe. Mzee ataleta nishani ya babake, mwenye duka ataleta bayoneti, na mwezi haujaisha mjukuu wa mmoja wao yuko kizimbani mbele yako. Ibara ya 76 ya Katiba ya Kenya inasema zawadi anayopewa afisa wa Serikali katika shughuli ya umma au ya kikazi ni ya Jamhuri, na mahakimu wamo. Za faraghani ndizo mbaya zaidi, maana hazina shahidi. Usipokee cha bure. Nunua, lipa kwa simu ili muamala ubaki na tarehe yake, na lipa bei ya haki. Nishani ya elfu kumi ukiuziwa mia tano, hiyo ni zawadi tu.

Kabla ya kununua, pitia orodha ya kesi zako. Muuzaji au mtu wa nyumbani kwake akiwa na shauri linaloendelea, acha hadi liishe, hata kama ni kitu ulichokitafuta miaka. Aliyekuuzia zamani akija mbele yako, litamke mahakamani, liandikwe kwenye mwenendo wa kesi, wahusika waseme, ikibidi jiondoe. Karani wa mahakama asiwe dalali wako. Na vielelezo usiviguse: bunduki kuukuu iliyotaifishwa kwenye kesi haiendi kwako kwa mlango wowote, hata wa mnada.

Daftari basi. Liwe la jalada gumu, kurasa zina namba, uandike siku ileile kwa wino. Namba ya kitu, tarehe, vipimo, uzito, jina la muuzaji, bei, namba ya muamala, na maneno ya muuzaji kama alivyoyasema, si kama unavyoyafupisha wewe. "Ilikuwa ya babu, alikwenda na Wazungu mpaka Lindi akarudi na mguu mbovu" ni ushahidi. "Nishani ya babu, Vita Kuu" ni takataka. Wengi hukosea hapa, wakidhani watakumbuka.

Sasa utambuzi. Nishani ya Kiingereza ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 unayoweza kuletewa mara nyingi ni ile ya fedha: duara la milimita 36, kichwa cha Mfalme George V upande mmoja, mpanda farasi uchi upande wa pili, utepe wa rangi ya chungwa katikati. Usiangalie sura, angalia ukingo. Ishike chini ya taa kali, izungushe polepole kwa kikuza-macho: utakuta namba, cheo, jina na kikosi. Herufi zilipigwa kwa muhuri wa chuma, kwa hiyo zina kina na kingo kali. Herufi zilizochorwa kwa sindano, zenye mikia myembamba, zitilie shaka. Kisha pima upana wake kwa kalipa (kipimo cha taya mbili) sehemu tatu au nne za mzingo. Ukipata 36 huku na 35.4 kule, mtu alisugua jina la kwanza akapiga jingine. Nakala za kumimina nazo huwa na uso kama sabuni iliyoanza kuyeyuka, na pengine mstari wa kiungio ukingoni.

Kikosi kikiandikwa 2-4 K.A.R., maana yake batalioni ya pili ya rejimenti ya nne, ambayo ilikuwa ya Uganda. Ya tatu ilikuwa ya hapa Kenya, ya kwanza na ya pili za Nyasaland (Malawi ya leo), ya sita iliundwa 1917 kwa sehemu kubwa kutokana na askari waliowahi kuwatumikia Wajerumani. Kwa hiyo familia ya Mpare yenye nishani ya 6 K.A.R. haijadanganya, huenda babu alipigana pande zote mbili. Majina yameandikwa kwa masikio ya makarani wa Kizungu, tafuta kwa namba kwanza.

Vita vya pili ni habari nyingine. Nyota ya Burma, Nyota ya Afrika na nishani ya vita ya 1939 hadi 1945 walizopewa Keya hazikuandikwa majina. Bila cheti cha kuachishwa jeshi, picha au barua, Nyota ya Burma haina mwenyewe. Nunua makaratasi, nishani iwe nyongeza. Ile ya baadaye yenye kipande cha utepeni kisemacho KENYA, ya miaka ya Hali ya Hatari (wakati wa Mau Mau), ina jina ukingoni. Iulizie kwa adabu, kwa sababu kuna nyumba ambazo jambo hilo bado halizungumzwi sebuleni.

Maganda ni rahisi. La .303 la Kiingereza lina mdomo uliotokeza kitakoni na urefu wa milimita 56 hivi. La Mauser, bunduki ya Kijerumani, ya milimita 7.92 halina mdomo, lina mfereji tu, urefu 57. Nene lenye kitako kipana, la milimita 11, ni la Mauser ya 1871 ya baruti ya moshi, ambayo askari wengi wa Wajerumani walianza nayo vita, na moshi wake uliwafichua. Kitakoni mwa .303 soma tarakimu mbili za mwaka: ganda lenye 42 ni la 1942, halikupigwa kwenye mapigano ya kilima cha Salaita, karibu na Taveta, mnamo Februari 1916, muuzaji aapeje.

Fataki (kile kidude cha kuwashia baruti katikati ya kitako) isiyo na alama ya pini ya bunduki ichukulie kuwa nzima. Usiitoe risasi kwa koleo, usiipashe moto. Risasi nzima bila cheti cha silaha ni kosa, hilo unalijua kuliko mimi. Bomu la mkono au gamba la mzinga ukilikuta shambani, weka alama mbali nalo, ita polisi, usilibebe hata hatua moja. Kuhusu umri, sheria ya makumbusho ya 2006 inahesabu kitu cha kale kuwa cha kabla ya 1895. Cha 1916 hakimo kwa umri wake, lakini eneo lililotangazwa kulindwa halichimbwi, na kinachofukuliwa hapo si chako.

Kusafisha: nishani za fedha na shaba usizisugue kwa dawa yoyote ya kung'arisha. Kila msuguo unakula jina. Maji yaliyokenekwa, tone la sabuni laini, brashi ya mtoto mchanga, kausha papo hapo. Unga wa kijani uliopauka unaorudi kila ukifuta ni ugonjwa wa shaba, chanzo chake chumvi. Dawa yake ni sesikwikaboneti ya sodiamu, asilimia 5, wiki kadhaa, ukibadilisha maji. Magadi ya sokoni kimsingi ni kemikali hiyohiyo, ila yana chumvi ndani, utaongeza ugonjwa. Nunua ya maabara.

Chuma kigumu kama bayoneti (ondoa mbao kwanza) huenda kwenye umeme: ndoo ya plastiki ya lita 20, vijiko vitano vya soda ya kufulia, chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi kwenye kitu, chanya kwenye chuma chakavu. Ukigeuza, kitu ndicho kitakacholiwa. Usitumie chuma cha pua, kinatoa sumu ya kromu, wala chumvi ya mezani. Fanya nje, gesi yake hulipuka. Kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa, kausha juani, paka nta.

Kuhifadhi, epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu ya pazia la bafu. Ndani ya miaka michache hutoa ute wa kijani unaogandamana na shaba. Tumia ya polipropilini, weka vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, uvikaushe upya vikibadilika rangi. Utepe wa asili usiutupe hata ukichakaa. Usifuliwe, ufungwe peke yake na namba ileile ya daftari.