Mama ana mifupa myepesi, sukari na kiungulia: kwa nini mimi niliishia kwenye dripu

Mwanangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Mama ana miaka 67, pingili moja ya mgongo imebonyea bila ajali yoyote, ana sukari na kiungulia cha miaka mingi. Daktari mmoja kaandika vidonge vya kila wiki, mwingine anasema sindano ya kila miezi sita, na shangazi yako anashikilia supu ya kongoro. Mimi si daktari. Nina miaka 64, nina presha, na prednisoloni ya pumu nimeimeza kwa miaka, nayo ndiyo iliyonila mifupa. Nakueleza nilikopita.

Yangu yalianza na gauni. Lilikuwa la kitenge, la harusi ya mwanangu, likiishia juu ya kifundo cha mguu. Siku nimelitoa kabatini linafagia sakafu. Nikadhani kitambaa kimelegea, kumbe aliyefupika ni mimi. Picha ikaonyesha pingili mbili zimebonyea, na kipimo cha msongamano wa mifupa kikatoa -3.1. Kuanzia -2.5 kwenda chini ndiyo osteoporosisi yenyewe, yaani mifupa myepesi. Kwa mama usisubiri sana namba hiyo: wenye sukari kipimo huwa kinawapamba, mifupa inaonekana afadhali kuliko nguvu iliyo nayo. Pingili iliyobonyea yenyewe imeshasema.

Nilianza na alendronati, kidonge cha miligramu 70 kila Jumamosi. Dukani waliniambia hivyo tu, "kila Jumamosi". Basi mimi naswali alfajiri, nakisukuma kwa mafunda mawili ya chai ya maziwa, narudi kitandani. Wiki ya tatu hata ugali laini ukipita kifuani ni kama nimemeza kaa la moto. Kumbe kidonge kile kinataka tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu, kisha nusu saa uko wima, hujala, hujanywa chai wala dawa nyingine. Kikikwama kwenye umio kinauchoma. Ni dawa nzuri na bei yake inabebeka, jirani yangu anaitumia mwaka wa nne bila shida. Lakini kwa mtu wa kiungulia cha kudumu mimi ningesita sana.

Sindano ya miezi sita, denosumabu, niliipenda mara moja. Inachomwa chini ya ngozi, haina habari na tumbo, na hata figo zikiwa zimechoka inatumika, ila hapo kalsiamu ya damu lazima ichungwe isije ikaporomoka. Daktari akaniuliza swali moja tu: mama, kila miezi sita, mwaka huu na mingine ijayo, hela utakuwa nayo na dawa itapatikana? Maana ukiikatisha hivi hivi mifupa inashuka kwa kasi, na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Anayeiacha lazima aingizwe kwenye dawa nyingine. Mimi naishi kwa pensheni na kwa watoto wanaotuma wanapopata. Nikamjibu ukweli.

Ikabaki asidi ya zoledroniki, dripu ya miligramu 5 mara moja kwa mwaka. Kabla ya dripu walinipima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyochuja, kwa sababu uwezo wa figo ukiwa chini ya mililita 35 kwa dakika haitolewi (na alendronati hivyo hivyo). Vitamini D ilikuwa chini, wakaipandisha kwanza. Nilikuwa pia na gego bovu nililolibembeleza tangu nikiwa kazini. Likang'olewa, tukasubiri fizi ifunge, maana dawa hizi zote tatu, ingawa ni kwa nadra, zinaweza kufanya kidonda cha taya kigome kupona.

Usiku wa dripu nilitetemeka. Homa, viungo vyote vinauma, binti yangu akanipima malaria, hakuna kitu. Panado na maji, siku ya tatu nikaamka nadai chai. Mara ya pili haikunisumbua hivyo.

Kwa hiyo kwa mama, kabla hamjachagua, pata kreatinini yake, sukari inazila figo kimyakimya. Kama kila siku anameza omeprazoli ya kiungulia, inayopunguza asidi ya tumbo, ulizia kalsiamu ya sitrati, kwa sababu ile ya kabonati inahitaji asidi ya tumbo. Kama kati ya dawa za sukari kuna pioglitazoni, itaje kwa daktari, inawaongezea wanawake hatari ya kuvunjika. Na uliza kama akiamka usiku kwenda chooni anaona kizunguzungu. Mimi dawa ya presha ilibadilishwa saa kwa ajili hiyo, na mkeka wa mlangoni tukautoa.

Shangazi msigombane naye. Kongoro ni tamu, ila kalsiamu inayotoka kwenye mfupa kuingia kwenye mchuzi ni kidogo mno. Dagaa wanaoliwa na miba yao wanaishinda mbali supu hiyo.

Mfungie mama dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, na za kienyeji humo humo, daktari azione mezani. Mimi dripu ya tatu ni mwakani. Baada ya hapo tutapima tena tuone kama napumzika, kwa sababu dawa hizi zikitumika miaka mingi mfululizo kuna wachache ambao mfupa wa paja huvunjika. Nimeambiwa paja likianza kuuma lenyewe nisikae nyumbani. Majibu ya figo yakitoka niandikie.