Wasuba wapo, lakini Kisuba je?

Ndugu, umeuliza iwapo Kisuba, lugha ya Wasuba wa Ziwa Victoria nchini Kenya, kimekufa, ilhali sensa bado inawahesabu Wasuba kwa maelfu. Sensa yetu huuliza kabila la mtu, haiulizi lugha anayozungumza nyumbani, kwa hiyo idadi hiyo haipimi uhai wa lugha hata kidogo. Katika kisiwa cha Rusinga, Kijaluo kilichukua nafasi ya Kisuba kupitia ndoa, biashara ya samaki, kanisa na shule. Mfangano, kilicho mbali zaidi na bara, ndiko lugha ilikosalia na nguvu kiasi. Hata huko, usishangae kumsikia bibi akimwita mjukuu kwa Kisuba na mtoto akamjibu kwa Kijaluo, tena bila yeyote kati yao kuona ajabu. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo dalili ya kutazamwa kuliko takwimu yoyote. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka serikali ikuze lugha za wananchi (Kiswahili na Kiingereza vina hadhi yao tayari), ila sheria haimlazimishi mzazi wa Mbita, mji ulio jirani na visiwa hivyo, kumsemesha mwanawe Kisuba.