Zijue njia za chuo kabla muhula haujaanza

Wiki yangu ya kwanza chuoni niliishi kwa mikono ya watu. Huyu ananipeleka darasani, yule ananirudisha bwenini. Siku moja mhadhara uliahirishwa, wenzangu wakatawanyika, nikabaki kwenye benchi saa mbili nzima kwa sababu sikujua mlango wa kutokea uko wapi. Fimbo nyeupe nilikuwa nayo mkononi. Kesho yake nikaenda kumwomba mwalimu wa mwelekeo na mjongeo, yule anayewafundisha wasioona kutembea wenyewe, anifundishe upya.

Kama huoni, au una uoni hafifu, na unakaribia kuanza chuo, omba kuingia kampasi siku kadhaa kabla ya wenzako. Majengo yakiwa matupu utasikia mwangwi wa korido, utajua inapopanuka na inapoishia. Umati ukishafika, hayo yote yanafunikwa.

Anza na njia chache: ya maliwato, ya ukumbi wa mihadhara, ya maktaba. Kila moja iendee na kuirudia, maana kurudi ni njia nyingine kabisa. Ukuta uliokuwa kulia sasa uko kushoto. Chagua alama zisizohama. Pikipiki iliyoegeshwa si alama, na harufu ya jikoni hupotea jiko likizimwa. Mimi njia ya maktaba niliishika hivi: nafuata ukuta wa kulia kwa mgongo wa vidole, ukuta unakatika, upepo unanipiga shavuni, fimbo inaacha saruji na kuanza kukwaruza kokoto. Hapo nageuka kushoto. Siku za mvua sikio halikunisaidia sana, lakini kokoto zilikuwa palepale.

Fimbo nayo ina kanuni zake. Mguu wa kushoto ukitangulia, ncha iguse upande wa kulia, pale mguu wa kulia utakapokanyaga. Upana wa mzunguko wa ncha hiyo, kulia hadi kushoto, uzidi mabega kidogo tu. Mbinu hii ilitokana na kazi ya Richard Hoover miaka ya 1940, alipokuwa akiwafundisha askari wa Marekani waliopofuka vitani. Tukichoka huwa tunaubana mzunguko, na hapo ndipo bega linapogonga nguzo.

Ila fimbo inasoma ya chini tu. Dirisha lililofunguka kwa nje liliwahi kunipasua paji la uso. Tangu hapo, nikipita kando ya ukuta nisioujua, nainua mkono mmoja mbele ya uso, kiganja kikitazama nje.

Usikatae kuongozwa. Lakini mtu akikukamata na kukusukuma mbele, mwambie kwa upole, "Naomba nikushike mimi." Shika juu kidogo ya kiwiko chake, ubaki nusu hatua nyuma, akipanda au kushuka ngazi, mkono wake utakuambia. Simu itakufikisha jengoni, mlango utautafuta mwenyewe, kwa kuwa ramani yake hukosea kwa mita kadhaa.

Ukishazimudu njia zako, mwombe mwalimu akupoteze makusudi: akuache mahali usipopajua, akufuate nyuma bila kusema neno. Ni zoezi linalotisha, na ndilo lililonisaidia kuliko yote. Mara ya kwanza lilinichukua dakika 40. Niliegemeza mgongo ukutani, nikasikiliza magari yanapita upande gani, nikainyoosha fimbo, nikaanza kutembea.