Je, nimemkosea marehemu mume wangu kwa kucheka?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mjane wa miaka 58, mkazi wa Chumbageni, Tanga. Tulirudi nyumbani baada ya mume wangu kustaafu huko Dar es Salaam, na sasa ni mwaka mmoja na nusu tangu Mwenyezi Mungu amchukue. Nilipomaliza eda, wanawake watano niliokua nao Barabara ya 8 walinivuta katika kikundi chao cha bustani. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri tunakutana kwa mmoja wetu, tunapeana mbegu za mchicha na vipandikizi vya maua, na kazi kubwa ni utani. Mimi wananiita "ua la Usambara" kwa kuwa nilikaa ugenini miaka 30.*

*Majuma matatu yaliyopita mmoja wao alisimulia jinsi marehemu, akiwa kijana juu ya baiskeli yake mpya ya Phoenix, alivyopita mbele ya baraza yetu jioni tukitunga asumini, akageuza shingo kunitazama, akatumbukia mtaroni na mikate yote aliyotumwa na mama yake. Alipoinuka alisema kwamba alikuwa anakagua kama mtaro umeziba. Tulicheka hadi machozi. Wasilolijua wenzangu ni kwamba kesho yake alimtuma dada yake aje kuniuliza kama nilicheka. Nilijibu kwamba sikucheka, na katika ndoa yetu yote hakuacha kuniuliza swali hilo.*

*Kisha mwingine akaongeza kuwa huenda ndiyo sababu alichechemea mpaka anaingia kaburini. Nilicheka na hilo pia, Shangazi, lakini usiku nililia, nikaona nimemsaliti, kwa sababu alichechemea kwa kidonda cha sukari. Binti yangu naye anasema wanawake wenye wajukuu hawapaswi kukaa wakicheka habari za ujana. Sijarudi kikundini tangu siku hiyo. Mwasumini alioupanda marehemu mlangoni unachanua na kupukutika, sina hamu ya kuuchuma. Nirudi, au nitulie nyumbani kwangu?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa majuma haya matatu ambayo naona yamekuwa marefu kuliko ulivyotaka kuyaandika. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye lile swali alilomtuma dada yake kuja kuliuliza, nasita.

Hujamkosea marehemu. Nakujibu hivyo kwanza, kwa sababu ndilo lililokunyima usingizi, na ushahidi umeniletea wewe mwenyewe katika barua yako. Mtu aliyeanguka mtaroni mbele ya wasichana, akawa na moyo wa kuinuka na kusema kwamba anakagua mtaro, kisha akaishi na mkewe miaka yote hiyo akimuuliza "siku ile ulicheka, hukucheka?", huyo hakuwa anaificha aibu yake. Aliifanya kuwa mchezo wenu wa nyumbani. Naamini kabisa kwamba alilijua jibu tangu jioni ile ile, na kwamba alipenda kukuuliza kwa sababu alipenda kukuona unavyojizuia. Kicheko kilichokutoka Jumamosi ile ndicho ulichokuwa umembania tangu usichana wako. Usikihesabu kuwa usaliti.

Nadhani kuna jambo jingine lililokuliza, nalo ni gumu zaidi kulitaja. Anayemuuguza mume wake kwa muda mrefu humzika akiwa na sura ya mgonjwa machoni mwake, na sura hiyo huzifunika nyingine zote. Wewe ulibaki na mtu wa dawa, wa vipimo vya sukari na wa mguu uliofungwa bandeji. Mwenzako, kwa hadithi moja tu, alikurejeshea kijana wa Phoenix aliyeshindwa kuangalia njia kwa sababu yako. Kukutana naye ghafla namna hiyo, kisha kurudi kwenye nyumba ambayo hayumo, kungemliza mtu yeyote. Wale wanawake walimjua kabla hujawa mke wake, nao wameihifadhi sehemu ya maisha yake ambayo hata picha za harusi hazina. Ukijitenga nao, sehemu hiyo utaibeba peke yako.

Sisi watu wa mwambao na wenzetu wa bara hatujawahi kuutenga utani na mauti. Katika ujana wangu hapa Tanga nilikuwa na shoga yangu tuliyetaniana miaka na miaka juu ya vikundi vya taarabu, yeye akiwa wa Lucky Star na mimi wa Black Star, hata mama zetu wakachoka kutusikiliza. Siku tulipomzika, mtani wa ukoo wao alijilaza mlangoni na kusema kwamba jeneza halitapita mpaka alipwe, maana marehemu alikuwa na deni lake la maneno. Watu walicheka huku wakilia, na mama wa marehemu, aliyekuwa hajatia chochote mdomoni tangu usiku, aliomba chai. Chai ile nilimpelekea mimi kwa mikono yangu, ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kicheko na heshima ya maiti haviwezi kukaa nyumba moja.

Kuhusu jina la "ua la Usambara", sijui kama uliwahi kukaa ukalitafakari. Ua lile dogo la rangi ya zambarau huota kivulini, kwenye miamba yenye unyevu ya milima yetu. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya, alilipeleka kwa baba yake huko Ujerumani; mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia kwa heshima yao, na tangu hapo limesambaa duniani, likawekwa madirishani mwa watu ambao Tanga hawaijui hata kwenye ramani. Aliyekupa jina hilo amekuambia mambo mawili kwa pamoja: kwamba ulikwenda ukadekezwa huko ugenini, na kwamba asili yako ni hapa, hakuna anayeweza kukunyang'anya. Mgeni hapewi jina la namna hiyo. Mgeni huwekewa mkeka, akakaribishwa chai, akaulizwa habari za safari.

Hata hivyo, neno la mguu lilivuka mpaka, na sitakuambia ulimeze. Ujana ni mali ya wote waliokuwepo, kwa hiyo mtaro, mikate na baiskeli ni vya kikundi kizima. Ugonjwa wake ulikuwa wenu wawili. Kwa jinsi ulivyoeleza, naona aliyesema hakujua chanzo cha kuchechemea, kwani ulikuwa Dar es Salaam wakati mwingi wa maradhi hayo, na kwa kuwa ulicheka pamoja nao, hakupata dalili yoyote kwamba amekuumiza. Usimwambie mbele ya wenzenu, kwa maana hapo italazimu watu wachague upande, na utani wote utaingia baridi. Nenda kwake siku ya kawaida, ukiwa na sababu ndogo mkononi, hata kama ni kurudisha bakuli au kuomba kiroba cha samadi, na mkiwa mmesimama bustanini mwake umwambie: "Shoga yangu, ile habari ya mguu tuiache. Mguu ule ulikuwa na kidonda cha sukari, na mimi ndiye niliyekuwa nikikiosha. Habari ya mtaro endeleeni nayo." Maneno hayo yanatosha. Akiwa mtu mwema, na barua yako haionyeshi vingine, atakushika mkono, na hutalisikia tena.

Binti yako usimgombeze. Yeye pia amefiwa, tena amefiwa na baba, ambaye kwake alikuwa mtu wa kuamkiwa na kuogopwa kidogo, si kijana wa kutumbukia mtaroni. Inawezekana kabisa kwamba hajawahi kuisikia habari hiyo, na kwamba anaposema wanawake wenye wajukuu hawapaswi kucheka ujana, anaulinda msiba wake asioweza kuutamka. Zamu ya kikundi ikifika nyumbani kwako, mwombe abaki awaandalie chai na kashata, kisha umwachie yule mwenzako asimulie upya, tangu kengele ya baiskeli hadi mikate ikielea. Mtazame binti yako uso wakati anasikiliza. Jambo hilo nakuomba ulifanye hata kama mengine yote utayaacha.

Swali lako la mwisho ni kama urudi, nami nasema urudi Jumamosi hii, usingoje ya pili. Kadiri siku zinavyopita, wenzako wataanza kuogopa kukutania, na mtu anayeogopwa kutaniwa huishia kuamkiwa kwa adabu na kuachwa. Usijiandalie hotuba ya kueleza ulikokuwa. Watakutania kwa kutoroka, labda watasema Dar es Salaam imekuita tena, nawe uwajibu kama ulivyokuwa ukiwajibu kwenye baraza ya Barabara ya 8. Ukiona moyo umetulia, wape ile nusu ya hadithi wasiyoijua, ya dada mtu aliyetumwa kuuliza. Hadithi yao imekosa mwisho kwa miaka yote hii, na mwisho wake uko kwako.

Tena usiende mikono mitupu. Asumini huchumwa jua likianza kupoa, yangali vikonyo vyeupe vilivyofumba, kwa sababu yakiachwa juu ya mti hufunguka usiku na asubuhi huwa yametapakaa chini, kama unavyoyaona mlangoni kwako. Jumamosi, kabla hujatoka, uchume mwasumini wa marehemu wote, usiuache hata upande mmoja, maana mmea huo usipochumwa na kupogolewa huota matawi marefu yenye majani mengi na maua machache. Vifunge vikonyo hivyo katika jani bichi la mgomba ulilolinyunyizia maji, chukua sindano na uzi mweupe wa kutosha watu sita, kisha ukifika uviweke katikati ya mkeka.