Usingoje Kizungu kinyooke ndio uongee darasani

Juzi usiku dada mmoja anayesoma chuo huko Kakamega alinitumia meseji, yuko mwaka wa pili na tangu ajiunge hajawahi kuinua mkono darasani hata mara moja. Majibu anayo, ni Kizungu anaogopa. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu juu huyo nilikuwa mimi.

Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, na kwetu B ikifika mdomoni inageuka P. Fasti yia, chuo kimoja Kisumu, tulikuwa na presentesheni ya uchumi na "budget" ikanitoka "pachet". Darasa zima likaangua kicheko, lekchara naye akacheka akaniambia nirudie, nikarudia, ikatoka vilevile. Kuanzia siku hiyo nikahamia kiti cha nyuma karibu na mlango na sikuongea tena mwaka mzima, swali nikiwa nalo nalimeza. Mpaka leo inaniuma.

Lakini hofu yenyewe haikuanzia hapo. Praimari tulivalishwa diski, kile kibao cha aibu cha kupitishana, shingoni ukiongea Kibukusu, na jioni aliyebaki nayo anachapwa. Sasa mtoto aliyefunzwa lugha kwa kiboko utamwambia aje ajiamini tu ghafla?

Kuna mtaalamu Elaine Horwitz, yeye na wenzake mwaka 1986 walitoa dodoso la maswali 33 la kupima hofu ya lugha ya kigeni darasani. Waliojibu kwanza walikuwa wanafunzi wa Marekani wanaosoma Kihispania! Yaani hata mwenye Kizungu chake akiingia kwa lugha ya wenyewe anatetemeka, kwa hivyo acha kujiita mjinga.

Kilichonisaidia ni kuongea mapema. Usiku naandika swali moja pembeni mwa noti, nalisema kwa sauti mara tatu nikiwa rumu, kesho yake nalitoa dakika kumi za kwanza kabla moyo haujaanza kudunda. Mapema, nasema tena, ukingoja mwisho hutaongea. Ile mada ngumu tulikuwa tunaijadili kwanza kwa Kiswahili na rumeti wangu mpaka iingie, Kizungu baadaye.

Na nyinyi mnaocheka mwenzenu akishrabu, yaani Kizungu kikimtoka na lafudhi ya kwao, acheni. Mnamfungia mtu mdomo miaka minne na karo amelipa kama nyinyi.

Dada, umesema una klasi Alhamisi asubuhi. Andika hilo swali leo, na ukitoka nitumie meseji, hata kama walicheka.