Sampuli Namba 191: Kwa Wanaoanza Utafiti wa Tiba

Kila Oktoba, washindi wa Tuzo ya Nobel ya Tiba wanapotangazwa, huwaomba vijana wanaojiunga nasi maabara waziache kwanza picha na hotuba, wakasome jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika. Mfano ninaourudia zaidi ni wa Tu Youyou wa China, ambaye mwaka 2015 alipewa nusu ya tuzo hiyo kwa kugundua artemisinini, dawa ya malaria. Nusu ya pili waligawana William Campbell na Satoshi Ōmura.

Tu, ambaye hakuwa na shahada ya uzamivu, alikabidhiwa kikundi cha watafiti mwaka 1969 chini ya mpango wa siri wa serikali ulioitwa Mradi 523, wakati vimelea vya malaria vilikuwa vimeanza kuwa sugu kwa klorokwini, dawa ya malaria ya wakati huo. Walikusanya maelekezo zaidi ya 2,000 ya dawa za jadi, wakatengeneza dondoo (yaani dawa iliyotolewa ndani ya mmea) zaidi ya 380 kutokana na mimea ipatayo 200. Dondoo ya Artemisia annua, mmea wa jamii ya pakanga, ilizuia vimelea kwa asilimia 68, lakini jaribio liliporudiwa matokeo yalishuka hadi kati ya asilimia 12 na 40.

Hapo ndipo ninapotaka mtulie. Anayeanza kazi, akifika mahali kama hapo, ama huutupa mmea, ama hurudia jaribio lilelile hadi apate namba anayoitamani. Tu alirudi kwenye maandishi ya kale, akakuta kwamba Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, alielekeza mmea huo ulowekwe katika maji na kukamuliwa, bila kutaja moto popote. Akashuku kwamba joto ndilo lililoharibu dawa, akatumia etha, kimiminika cha kutolea dawa mmeani, ambacho huchemka kwa takriban nyuzi 35 tu za Selsiasi, kisha akaondoa sehemu yenye asidi, iliyokuwa na sumu. Oktoba 1971, sampuli namba 191 iliangamiza vimelea vyote katika panya.

Kwa hiyo matokeo yakiyumba, chunguzeni maandalizi kabla ya kulilaumu wazo. Jambo hilo haliwezekani bila daftari kamili. Katika miaka yangu ya mwanzo nilipoteza miezi minne kwa sababu sikuandika joto la maji niliyopashia sampuli, na hadi leo nasikitika, kwani swali lile lilistahili jibu. Andikeni siku ileile, kwa wino, yaliyofaulu na yaliyoshindwa.

Mwaka 1972 Tu na wenzake wawili walikunywa dondoo hiyo wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa kisiwani Hainan. Nauheshimu ujasiri huo, lakini msiuige: leo kazi hiyo hupitia kwanza kamati ya maadili.

Lipo pia suala la majina. Makala ya mwaka 1977 iliyoeleza muundo wa artemisinini ilitoka bila majina ya watafiti, na miaka mingi baadaye watu walibishana kuhusu nani alifanya nini, huku kanuni za Nobel zikiruhusu tuzo moja igawanywe kwa watu wasiozidi watatu. Kabla ya jaribio la kwanza, kaeni na msimamizi wenu mkubaliane nani atafanya kipi na jina la nani litatangulia, kisha makubaliano hayo yaandikwe daftarini pamoja na tarehe.