Barua kwa mwanangu: siku maji yalipokimbia

Mwanangu mpendwa,

Juzi usiku uliponipigia simu, mtoto akiwa amelala begani mwako na sauti yako imechoka, uliniuliza swali ambalo sikulijibu inavyostahili. Ulisema: "Baba, siku zile za kutulea, kufua, kuosha vyombo, kulaza, kuamsha, na kesho yake tena vilevile, ulikuwa unafurahi kweli au ulikuwa unavumilia tu?" Nikakwambia utazoea. Simu ilipokatika nikaona nimekunyima jibu.

Mwanzoni nilikuwa navumilia. Sioni haya kukwambia. Ulikuwa ukianza kulia jua linapozama na hunyamazi mpaka usiku uingie kabisa, nami nikawa nahesabu saa zilizobaki kabla ya kwenda kazini. Mama yako ndiye aliyebeba mzigo mkubwa, na hilo nalikiri mbele yako.

Kisha likaja lile tabasamu. Ulikuwa na wiki saba hivi. Kabla ya hapo ulikuwa ukitabasamu usingizini, nami nikijipa moyo, mama yako akiniambia hayo ni ya usingizi tu. Asubuhi hiyo nilikuwa nakubadilisha nepi, macho yamenivimba kwa kukesha. Ukanitazama usoni, ukatulia, halafu uso wako wote ukafunguka. Niligeuka nyuma kuona unamchekea nani. Hakukuwa na mtu.

Tangu siku hiyo nikaanza kukutazama, na kutazama ulichokuwa ukikitazama.

Ulikuwa na miaka minne siku ya kikaango. Ulisimama mlangoni mwa jikoni, pale nilipokuwekea mpaka usiuvuke. Nilikuwa napasha kikaango kitupu cha chuma, nikakirushia matone ya maji kujua kama kimepata moto. Yakalia chwaa, yakakauka. Nikasubiri kidogo, nikarusha tena. Safari hii hayakukauka. Yalijikusanya kama shanga, yakaanza kukimbizana humo ndani. Ukapiga kelele: "Baba, maji yanakimbia!" Halafu ukauliza: kama kikaango kimezidi moto, mbona maji hayaishi haraka zaidi? Nilikuwa nimepasha vikaango miaka yote ya utu uzima wangu na sikuwahi kujiuliza hilo. Tulirudia tena na tena, wala sikumbuki mara ngapi.

Jibu nililipata baadaye sana, kitabuni. Chuma kikipata moto mkali, kwa maji ni karibu nyuzi 200 za Selsiasi, upande wa chini wa tone hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hulinyanyua tone lisiguse chuma. Mvuke haupitishi joto upesi, ndiyo maana tone hudumu. Daktari mmoja Mjerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, aliliandika jambo hilo mwaka 1756, baada ya kudondosha maji kwenye kijiko cha chuma kilichopashwa moto hadi kikawa chekundu. Niliposoma habari za kijiko chake nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. (Ukitaka kujaribu, usitumie kikaango chenye ule utando wa kuzuia chakula kushika. Huharibika kikipashwa kitupu.)

Lipo jambo jingine ninalodaiwa nawe. Ulikuwa ukipenda kukaa ndani ya beseni mpaka maji yapoe. Siku moja ukatoka mbio, mikono umeinyoosha mbele, unalia: "Nimezeeka! Vidole vyangu vimekuwa vya bibi!" Nilikufuta, nikakwambia ngozi imekunywa maji ikavimba, ikakosa nafasi. Ndivyo nilivyoambiwa mimi nikiwa mdogo, nami nikakurithisha. Jibu lile halikuwa sahihi, mwanangu. Vidole hujikunja kwa amri ya mishipa ya fahamu. Mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi, kwenye ncha za vidole, husinyaa, na ngozi iliyo juu yake huvutwa ndani. Madaktari walilitambua kwa watu waliokatika mshipa wa fahamu wa kidole: kidole hicho hubaki laini hata kikiloweshwa muda mrefu. Mwanao atakapotoka kwenye beseni analia kwamba amezeeka, mpe jibu hili. Lile langu liishie kwangu.

Mama yako naye ana lake. Nikiwa namimina maji ya kukuogesha, yeye akiwa chumba cha pili, alikuwa akisema, "Hayo bado ya baridi." Na kweli yalikuwa ya baridi. Kwa muda mrefu nilidhani anabahatisha, mpaka siku moja nikamjaribu: nilisimama nyuma ya mlango nikamimina ya moto, kisha ya baridi, kisha ya baridi tena, ili asipate mpangilio. Alizipata zote. Maji ya moto hutiririka kwa wepesi kuliko ya baridi, na mmwagiko wake haulii sawa. Ya moto sauti yake ni nzito, ya baridi ni kali zaidi. Fumba macho umwombe mkeo akumiminie, utashangaa sikio lako linajua jambo ambalo hujawahi kulifundisha. Mimi na mama yako bado tunacheza mchezo huo hadi leo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kazi za nyumbani hazikupungua, na siku ziliendelea kufanana. Ila nilikuwa na mtu pembeni yangu ambaye kila kitu kwake kilikuwa mara ya kwanza, na nilipofuata macho yake nikakuta mengi kwangu pia yalikuwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo furaha niliyoipata, na niliipata kweli. Lakini si kila siku. Siku ulizokuwa na homa sikuona cha kugundua, nilitaka kuche tu. Ukiwa na siku kama hizo usijilaumu, wala usilazimishe kufurahi.

Uliniambia mjukuu wangu ametimiza miezi saba na kazi yake ni kudondosha vitu. Yuko mahali pazuri. Mswisi mmoja, Jean Piaget, aliwafuatilia wanawe watatu tangu uchanga wao, miaka ya 1920 na 1930, akiandika waliyoyafanya. Aliona kwamba mtoto mdogo ukifunika kitu anachokitaka, hata kama ni mbele ya macho yake, hakitafuti. Ni kama kimetoweka duniani. Kwenye miezi minane au tisa hivi huanza kuvuta kitambaa akitafute. Watafiti waliokuja baadaye wameonyesha kwamba huenda watoto hujua mapema kuliko mikono yao inavyoweza kuonyesha, nami nawaamini. Hata hivyo, kuuona mkono wenyewe ukienda ni jambo jingine.

Wewe nilikufanyia kwa kijiko cha mbao ulichokuwa ukipenda kukitafuna. Kila jioni nakifunika, unakitazama kitambaa, unageukia kwingine. Nilifanya hivyo kwa wiki kadhaa. Jioni uliyokivuta kitambaa, mama yako alikuwa ametoka. Sikuwa na wa kumwambia, nikakubeba nikazunguka nawe nyumba nzima, kijiko umekishika mkononi.

Kesho kaa naye sakafuni. Mwonyeshe kijiko, kifunike nusu kwanza, baadaye chote. Usimsaidie, hata akihangaika. Akikivuta kitambaa nipigie, hata ikiwa usiku wa manane.

Baba yako